Madam Getruda na Karatasi za Nukta

Mke wangu Hilda anasema mimi nikipewa pole msibani nauliza kwanza kwa nini. Anatania, lakini hakosei sana. Mimi ni Bernado, mwalimu wa taaluma wa shule moja ya sekondari hapa Bunda, na kazi ya mtaaluma, ukiondoa ratiba na chaki, ni kushuku. Mwanafunzi wa alama arobaini akipata sabini muhula unaofuata, walimu wengine wanapiga makofi. Mimi naagiza karatasi yake iletwe ofisini.

Sikuzaliwa hivi. Zamani nilifundisha upande wa Butiama, nyumbani kwetu, na mwalimu mwenzangu niliyekuwa nakula naye sahani moja akauza mtihani. Matokeo ya darasa zima yakafutwa, na humo alikuwemo mtoto wa dada yangu, ambaye mtihani huo wa wizi hakuuona hata ndotoni. Leo anaendesha bodaboda. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nyoka wangu nilikuwa nimemkaribisha chai.

Kwa hiyo Madam Getruda alipohamia kwetu nilishtuka siku hiyohiyo. Mama huyu ana shahada ya kemia. Alikuwa anafundisha Musoma mjini, amepanga nyumba nzuri Kitaji, maji bombani, soko karibu. Akaandika barua mwenyewe kuomba aje Bunda kufundisha sayansi watoto sita wasioona. Aliomba! Nani anaomba kuondoka mjini? Nikasema moyoni, hapa kuna kitu. Nikasubiri gari la wafadhili lije, na watoto wapangwe mstari wapigwe picha. Mwaka ukapita bila gari wala picha, na jambo hilo likazidi kunitia wasiwasi.

Shuleni kwetu mwanafunzi asiyeona alikuwa anapelekwa mchepuo wa sanaa moja kwa moja. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote. Kipindi cha kemia kilipoingia, wao walikaa barazani na kungoja wenzao watoke. Madam Getruda aliwaondoa barazani wiki ya kwanza, akawaingiza maabara, akafunga mlango. Mlango uliofungwa mimi siuwezi. Nikaanza kupitapita dirishani.

Siku moja nilisikia harufu ya kitunguu inatoka maabara. Nikaingia bila hodi. Nikawakuta wote sita wameshika vipande vya kitambaa puani, wananusa.

"Mnapika?" nikauliza.

"Tunapima, Mwalimu," akanijibu bila kugeuka. "Vitambaa vimelowekwa maji ya kitunguu. Ukidondoshea tindikali, harufu inabaki. Ukidondoshea besi, harufu inakufa. Wanaoona wana karatasi ya kubadilika rangi. Hawa rangi wanaisikiaga kama hadithi, lakini pua wanazo."

Sikubishana naye. Nilichukua vitambaa viwili nikaenda kunusa peke yangu nyuma ya ofisi, nisije nikawa nimedanganywa na kundi. Kimoja kilinuka kitunguu, kingine hakikunuka chochote. Nikavirudisha bila kusema asante.

Mambo yake yote yalikuwa ya namna hiyo. Alinunua moyo wa mbuzi buchani Kabasa, akaupasua katikati, akawaambia watoto watie vidole ndani wapime unene wa kuta. Alibandika kamba za katani kwenye karatasi ya manila kuchora figo. Gesi aliwafundisha kwa masikio: hii inapiga mlio mdogo ukiisogezea njiti ya kiberiti, ile inachemka ndani ya chupa. Darasa la wanaoona lilianza kuchungulia kwa wivu. Na mimi nilichungulia pia, kwa sababu zangu.

Nikamchunguza kwao. Ni mzaliwa wa Majita, kijiji cha ziwani, baba mvuvi. Mdogo wake wa kiume, Fredi, alipofushwa na surua akiwa na miaka sita. Shuleni walimpa ukili asuke mikeka, basi. Kijana alikuwa anamuuliza dada yake kwa nini dagaa waliotandazwa juani hawaozi na waliorundikwa wanaoza, na dada akaona kwamba swali kama hilo hakuna mwalimu anayemjibu Fredi. Alipomaliza chuo kikuu akaenda tena Arusha kusomea elimu maalumu na kusoma nukta nundu, yale maandishi ya vidole. Fredi mwenyewe alishachelewa. Anashona nyavu. Niliposimuliwa habari hii niliiona imekaa vizuri kupita kiasi, kama hadithi ya kuombea mchango.

Halafu akatokea Susana.

Susana alikuwa kidato cha pili, haoni tangu kuzaliwa, binti wa mama anayekausha dagaa. Na kwao ni wapi? Majita. Kijiji cha jirani na cha Madam. Walikuwa wakikutana asubuhi wanasalimiana Kijita na kucheka, na mimi nimesimama pale na Kizanaki changu, sielewi hata neno. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema. Nikafungua macho.

Mtihani wa mwezi wa tano ulipokuja, Susana akapata themanini na moja katika baiolojia. Wa pili darasa zima, wanaoona na wasioona.

Sasa nieleze jinsi karatasi yake ilivyokuwa inasahihishwa, maana kosa lote lilikaa hapo. Susana anaandika kwa mashine ya nukta nundu. Karatasi inatoka na vinundu vitupu, hakuna wino. Mwalimu wa baiolojia hawezi kuisoma, mkuu wa shule hawezi, mimi siwezi. Shule nzima anayeisoma ni mmoja, Madam Getruda. Yeye anaisoma, anaandika majibu kwa kalamu kwenye karatasi nyingine, na hiyo ndiyo inayosahihishwa. Kwa hiyo anayemfundisha mtoto, na kumpenda mtoto, na kutoka kwao na mtoto, ndiye anayetuambia mtoto ameandika nini. Wewe ungelala usingizi?

Mimi sikulala. Nilimwita Susana ofisini, nikampa mtihani mwingine, aujibu kwa mdomo, Madam nikamweka nje. Nilisimama nyuma ya kiti cha yule binti saa nzima. Alikuwa anageuza shingo kila nikivuta pumzi. Akapata sitini na mbili.

"Umeona?" nikamwambia Madam Getruda. "Themanini na moja iko wapi?"

"Umemsimamia kama askari magereza, Mwalimu Bernado."

"Anayejua anajua hata akisimamiwa na simba."

Nilijipongeza kwa jibu hilo. Nililirudia nyumbani kwa Hilda, ambaye hakucheka.

Mwezi wa nane ukaja mtihani wa majaribio, ule ambao sisi tunautumia kuchagua mchepuo. Mwanafunzi akipata hamsini na tano kwenye baiolojia na kemia anaingia sayansi, chini ya hapo anakwenda sanaa. Safari hii nilikaa ndani ya chumba cha wasioona mwenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyemnong'oneza mtu. Hakuna aliyegonga meza. Madam nilimzuia hata kupita barazani.

Susana akapata hamsini na nane baiolojia, hamsini na saba kemia.

Angalia namba hizo. Zimevuka mstari, lakini zimevuka kwa kunyata. Hazikupanda mpaka mtu aulize, wala hazikushuka mpaka mtoto akose nafasi. Nilizitazama nikasikia nywele zinanisimama. Kama chumbani hakuna aliyeibia, basi wizi umefanyika baadaye, kwenye kalamu ya Madam. Nilimwambia mkuu wa shule, Mwalimu Edwin, kwamba orodha ya sayansi yenye jina la Susana siitii saini.

Mwalimu Edwin ni mtu wa amani. Akakuna kichwa. "Sasa mura, wewe unasemaga tu. Nipe ushahidi. Leo Jumanne, orodha naifunga Ijumaa. Ukikosa ushahidi, utasaini."

Siku iliyofuata Susana mwenyewe akaja ofisini kwangu, fimbo yake mkononi, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kuomba kitu. Naomba niandikwe sanaa."

"Umefaulu sayansi. Kwa nini?"

"Hamsini na nane siyo kufaulu, Mwalimu. Nilikuwa nadhani najua. Nilitokaga kwenye mtihani nikamwambia mama kwa simu, safari hii nimeweza. Kumbe siwezi hata kujua kama nimeweza." Akaizungusha fimbo mkononi. "Madam usimwambie kwanza. Atalia."

Mtu mwingine angemhurumia. Mimi niliwaza, ameogopa, anajiondoa kabla mambo hayajafumuka. Nikamwambia arudi Ijumaa. Alipoondoka nikafungua kabati la mitihani, ambalo funguo ninakaa nazo mimi, nikatoa karatasi zake za nukta, zote mbili, na zile alizoandika Madam kwa kalamu. Nikazitia kwenye bahasha. Alhamisi nikaenda Musoma.

Nilikuwa nimeulizia nikaelekezwa kwa mzee Luqmani, anayekaa Iringo nyuma ya maduka. Haoni tangu ujana. Miaka ishirini na zaidi alikuwa opereta wa simu katika ofisi moja mjini, Kiingereza chake ni cha kupokelea wakubwa. Simu za mkononi zilipoingia kazi ikaisha, na sasa anasuka viti. Nilimkuta amekaa mkekani na kiti kimoja kipo mapajani. Sikumwambia mimi nani wala karatasi za nani. Nilisema nataka kusomewa.

Akafuta vidole kwenye kanzu, akaipapasa karatasi ya kwanza. Mimi nikashika ile ya Madam na kalamu nyekundu. Susana alikuwa ameandika kwa Kiingereza cha shule, hapa naweka kwa Kiswahili.

"Swali la kwanza," akasoma mzee. "Ukuta wa kushoto wa moyo ni mnene kuliko wa kulia, kwa sababu wa kushoto unasukuma damu mwili mzima, na wa kulia unaisukuma mpaka mapafu tu."

Nikaangalia karatasi ya Madam. Iliandikwa: ukuta wa kushoto ni mnene. Basi. Hakuna sababu, hakuna mapafu.

Haikulingana! Nilipiga paja langu kwa nguvu. Za mwizi arobaini, na hii ilikuwa ya arobaini. Getruda amebadilisha majibu, na mimi nimemkamata na karatasi mkononi.

"Unafurahia nini, mwanangu?" mzee akauliza.

"Endelea, Mzee. Endelea tu."

Akaendelea. Tulimaliza baiolojia, tukaingia kemia. "Gesi iliyotoka ni haidrojeni, nimeijua kwa mlio." Kwa Madam: oksijeni. "Kitambaa kilipoteza harufu, kwa hiyo kimiminika ni besi." Kwa Madam: kimiminika ni tindikali. Kila nilipokuta tofauti niliichora mstari mwekundu. Kufikia mstari wa tano mkono wangu ulianza kuwa mzito. Nikarudi juu nikaanza kuhesabu upya, polepole, kama mtu aliyepotea njia.

Tofauti zilikuwa kumi na nne. Zote kumi na nne, alichoandika mtoto kilikuwa sahihi, na alichoandika Madam kilikuwa kibovu.

"Huyu aliyeandika ni nani?" mzee Luqmani akauliza. Vidole vyake vilikuwa bado juu ya karatasi.

"Msichana. Kidato cha pili."

"Mashallah. Mimi enzi zangu nilitaka hayo mambo ya moyo na gesi, wakaniambia nitaungua." Akaikunja karatasi taratibu. "Anapata ngapi?"

Nilimshukuru, nikakusanya bahasha yangu nikatoka. Barabarani nilikaa kwenye ngazi ya duka, nikamsahihisha Susana upya kwa majibu yake mwenyewe. Baiolojia themanini na nne. Kemia themanini.

Nilirudi Bunda jioni hiyohiyo, nikamkuta Madam Getruda maabara anaosha chupa. Nikaweka karatasi mezani, za nukta upande huu, za kalamu upande ule, mistari yangu myekundu ikionekana. Alizitazama. Hakuuliza nimezitoa wapi.

"Kwa nini?" nikasema.

Akafunga bomba. "Ulipomfanyisha ule mtihani ofisini kwako, alirudi bwenini akatapika. Wiki mbili hakugusa mashine. Ananiambia, Madam, kumbe mtu akijua sana anashikwa. Mtoto wa miaka kumi na sita!" Akaigeuza chupa mkononi. "Nikaona themanini zitamuua. Akipata themanini wewe utakuja. Nikampa hamsini na kitu, apite mlangoni bila mtu kugeuza shingo. Akishaingia sayansi, atapanda mwenyewe taratibu."

"Ungekuja kuniambia mimi!"

"Wewe?" Akacheka, cheko baya. "Nikuambie nini wewe, Mwalimu Bernado? Kwamba mtoto anajua? Nilikuambia mwezi wa tano. Uliniitikiaje?"

Nilijua nilimwitikiaje. Nilikuwa nimelirudia jibu lile mpaka nyumbani kwangu. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Nikamwambia jambo ambalo yeye hakulijua, kwamba Susana amekuja kuomba sanaa, kwa sababu ameamini hamsini na nane ni zake.

Madam Getruda alikaa kwenye stuli ya maabara. Chupa ilikuwa bado mkononi, maji yanamdondokea kwenye sketi, na hakuiweka chini.

Ijumaa asubuhi mimi na Madam tuliingia kwa mkuu. Mwalimu Edwin alisoma mistari myekundu mpaka mwisho, akavua miwani. Kubadilisha majibu ya mwanafunzi ni kosa, liwe la kuongeza au la kupunguza, kwa hiyo Madam aliandikiwa barua ya onyo, akaipokea. Mimi sikuandikiwa barua. Kushuku hakumo kwenye kanuni. Kisha mkuu akamwita Susana akamsomea alama zake za kweli.

Nilitegemea atafurahi. Alisimama tu, vidole vinapanda na kushuka kwenye fimbo.

"Nani kasema?" akauliza.

"Mzee mmoja wa Musoma," nikamjibu. "Amesoma karatasi zako mwenyewe, kwa vidole. Haoni."

"Haoni?"

"Haoni kabisa."

"Nipigie niongee naye."

Nikampigia mzee Luqmani nikamwekea simu sikioni. Susana alimwamkia, akamuuliza swali la kwanza aliandika nini. Tulisikia sauti ya mzee, ndogo, inarudia: ukuta wa kushoto, mwili mzima, mapafu tu. Uso wa yule binti ukafunguka. Akasema, "Eeh. Ndivyo nilivyoandika. Ndivyo hasa!" Akaanza kucheka na machozi yanamtoka. Nami, nisiyelia ovyo, nilitazama kalenda ukutani.

Akanirudishia simu. Kisha akageukia upande alikokaa Madam Getruda, na sijui alijuaje ni upande ule, maana Madam hakuwa amesema hata neno.

"Madam, wewe ulisoma hivyohivyo?"

"Nilisoma, mwanangu."

"Ukajua nimepata?"

"Nilijua."

Susana akaitikia kwa kichwa, akaomba ruhusa kwenda darasani. Siku hiyo nilisaini orodha ya sayansi, na jina lake nililiandika mimi kwa mkono wangu.

Madam Getruda hakuhama, ingawa wengi tulidhani atahama. Anafundisha mpaka leo, na anafundisha vizuri, hilo nalisema ingawa halinitoki kirahisi. Moyo wa mbuzi bado unanunuliwa Kabasa. Susana anakaa benchi la mbele, anauliza maswali kuliko wote, akiitwa anaitika "Abee, Madam" kwa adabu zake zote. Asiyejua angesema hakuna kilichotokea. Ila salamu zao za asubuhi sasa ni za Kiswahili.

Mwezi wa tatu mwaka huu ulikuwa mtihani wake wa kwanza wa kidato cha tatu. Mkuu alishaamua kwamba Madam ataendelea kuandika kwa kalamu kama zamani, na nakala itahakikiwa na mzee Luqmani. Muda ulipokwisha niliingia chumbani. Madam alikuwa tayari mbele ya meza ya Susana, mkono ameunyoosha apokee. Susana akachomoa karatasi kwenye mashine, akaipapasa ukurasa mzima, mstari kwa mstari, kisha akainua uso.

"Mwalimu Bernado yupo?"

"Nipo."

"Naomba ubebe wewe, uipeleke kwa mzee kwanza."

Nilidhani amesahau nilichomfanyia. Nikamsogelea, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Susana, mimi ndiye niliyekushuku."

"Najua," akasema. "Wewe ulinishuku waziwazi, huku nasikia."

Akanyoosha karatasi kuelekea sauti yangu. Nikaipokea. Madam Getruda alikuwa bado amesimama palepale, na mkono wake hakuwa ameushusha.